Ushauri: mayai ya chatu yako kwenye mashine ya kutotolesha, umeme Mtwara unakatika. Ninunue jenereta?

Mwana_Shangani
Habari za jioni wadau. Nipo Mtwara mjini, kibali cha kufuga ninacho. Chatu jike wa mita 2.7 ametaga mayai 26, leo yana siku ya tisa kwenye mashine. Mashine yenyewe ni bodi la friji bovu, ndani kuna waya wa joto wa wati 50 na themostati (swichi ya kudhibiti joto) ya dijitali niliyoiweka nyuzi 31.5. Pembeni kuna kobe wawili wakubwa na vinyonga watatu wa kawaida wa huku pwani, wenye taa ya UVB (mionzi kama ya jua). Chumba kimeezekwa bati, hakina silingi bodi.

Umeme ukikatika huchukua saa mbili mpaka sita, mara mojamoja usiku kucha. Ninayoyasoma mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi: mablanketi, hita za gesi, sijui nini. Ninunue jenereta ya kilowati moja au kuna njia ya akili zaidi?

Kobe_wa_Mikindani
Dada, jenereta iache dukani kwanza. Hao wenzetu wanapigana na usiku wa nyuzi 5. Wewe Novemba hii usiku ni kama 22 hadi 24. Mayai ya chatu yakishuka hadi 27 kwa saa chache hayafi, yanachelewa tu kuanguliwa. Yakipanda 35 na kukaa hapo ndipo unapata vitoto vyenye uti wa mgongo uliopinda, au huambulii kitu. Kwa hiyo swali la kwanza si "nitapashaje joto". Ni je, feni ikizima saa 8 mchana, hicho chumba cha bati kinafika nyuzi ngapi? Weka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu kabisa, kiache siku tatu, halafu urudi na namba.

Wakati huo jaza chupa za maji za lita 1.5, kumi, uzipange chini na pembeni mwa hilo friji zisiguse boksi la mayai. Zitapata joto pamoja na mashine. Umeme ukienda, zenyewe ndiyo betri yako.

Fundi_Sola_Masasi
Niongezee hesabu hapo. Chupa kumi ni kilo 15 za maji. Kila nyuzi moja inayoshuka, maji hayo yanatoa takriban wati-saa 17. Bodi la friji likiwa na mpira mzima mlangoni, usiku chumba kikiwa 25, waya wako wa wati 50 hufanya kazi kama theluthi moja ya muda, yaani wastani wa wati 17. Saa ya kwanza utapoteza nyuzi moja hivi au pungufu, na kadiri tofauti na chumba inavyopungua, kasi nayo inapungua. Baada ya saa sita utakuta kama 28. Umefungua mlango kuchungulia? Hesabu imeharibika. Toboa tundu dogo, pitisha waya wa kipimajoto, usome ukiwa nje.

Kwa usiku kucha, chukua betri ya 12V ya Ah (ampea-saa) 100. Ina wati-saa 1200, lakini kama ni ya madini ya risasi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Una 600 za kutumia. Hapa wengi wanakosea: wanafunga inveta kubwa, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Inveta ya wati 1000 yenyewe, hata bila mzigo, inaweza kula wati 10 hivi, na ubadilishaji unakula nyingine. Mzigo wako wa 17 unageuka 30, betri inakwenda saa 20. Ukinunua waya wa joto wa 12V na themostati ya 12V, ukaunga moja kwa moja kwenye betri, inafika saa 35. Fyuzi ya ampea 10 iwe karibu na nguzo ya chanya, si upande wa mashine. Paneli ya wati 100 inatosha kuirudisha.

Mtoto_wa_Lindi
Mnasumbuka bure. Jiko la mkaa, sufuria ya maji juu, weka chumbani ufunge mlango. Babu zetu walitotolesha hivyohivyo.

Kobe_wa_Mikindani
Ndugu yangu, hapana. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua wewe kwanza, nyoka baadaye. Jiko libaki uani. Pasha maji mpaka mkono uweze kuyavumilia, jaza chupa, zungushia kanga, ndipo uingize ndani. Maji yanayochemka usiyatie, chupa zinajikunja na kuvuja juu ya mayai.

Na kwa kuwa feni imezima, mtu atataka kuwasha dawa ya mbu ya kuzunguka. Isiwashwe chumba hicho, wala ya kupuliza. Dawa hizo zina viambata vinavyodhuru mishipa ya fahamu ya reptilia. Tumia chandarua, na kichanja cha vinyonga nacho kifunike kwa neti.

Bibi_Fundi_Umeme
Jamani, mbona hamsemi kuhusu umeme *ukirudi*? Huku ndiko vitu vinakoungua. Unarudi na volti za kupanda na kushuka, swichi ya ndani ya themostati inagandana ikiwa imewashwa, na waya unapasha bila kukoma. Asubuhi mashine iko nyuzi 40.

Mwana_Shangani, fanya hivi:

Kwanza frijigadi, ile inayosubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuruhusu umeme. Pili, themostati mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja: ya kwanza 31.5, ya pili ikate ikifika 33. Ya kwanza ikigandana, ya pili inazima. Kila moja na kihisio chake (kile kichwa cha kupimia joto), kimefungwa kwa kamba ya plastiki kando ya boksi la mayai, usawa wa mayai. Kihisio kikidondoka chini ya friji kinasoma baridi, themostati inaendelea kupasha, na wewe unaona namba nzuri kwenye kioo. Tatu, chomoa na uchomeke plagi mara moja leo uone kama themostati inakumbuka 31.5 au inarudi kwenye namba ya kiwandani. Nyingine zinarudi, nyingine zinabaki zimezima mpaka ubonyeze kitufe.

Taa ya vinyonga pia. Kama inaendeshwa na saa ya kuzungusha kwa mkono, saa hiyo inasimama umeme ukikatika. Makato ya saa sita mara mbili, na taa sasa inawaka usiku na kuzima mchana. Irekebishe kila umeme unaporudi.

Mwana_Shangani
Asanteni sana. Namba zimepatikana: kilele cha siku tatu ni nyuzi 37 saa 9 alasiri, na hiyo ni feni ikiwa inazunguka! Mashine ipo ukuta wa magharibi. Na je, kwa nini nisimrudishie mama mayai yake? Nasikia chatu hutetemeka kuyapasha.

Kobe_wa_Mikindani
Anayetetemeka ni chatu wa India. Huyu wa kwetu wa kusini mwa Afrika hatetemeki. Anatoka shimoni, anaota jua mpaka mwili unapata moto, anarudi kuyazungushia. Ni hodari, lakini anahitaji shimo na jua, navyo hujampa. Mayai ya siku ya tisa usiyasumbue tena. Weka alama ya penseli juu ya kila yai, upande huo ubaki juu mpaka mwisho, maana kiinitete kimeshajishikiza kwenye ganda. Kuligeuza ni kukizamisha.

37 ni tatizo hasa, kwa sababu themostati inajua kupasha tu, haijui kupoza. Chumba kikiwa 37, mashine itakuwa 37, taratibu lakini itafika. Hamisha mashine ukuta wa mashariki au chumba cha katikati ya nyumba. Funga silingi bodi, au hata mikeka ya ukindu sentimita 30 chini ya bati na upenyo wa hewa juu yake. Makuti juu ya bati yanasaidia pia, ila yafunge kwa waya, na moto uwe mbali. Zile chupa kumi zinafanya kazi upande huu vilevile: mchana zinachelewesha joto kupanda. Ikivuka 33, toa chupa tatu, ingiza tatu za maji ya mtungini. Barafu usiweke ndani ya mashine, unyevu utageuka matone na kuyadondokea mayai.

Chatu mwenyewe mpe beseni la maji linalomtosha mwili mzima, limejaa nusu. Ukimwona ameachama mdomo na kujinyoosha pembezoni, amezidiwa. Mpeleke kivulini, maji ya kawaida, si ya friji. Gunia la katani lililoloweshwa juu ya wavu linashusha nyuzi mbili tatu tu kwa unyevu wa pwani yetu, usilitegemee peke yake.

Kobe hawana habari na TANESCO. Watoe nje, jua na nusu ya uwanja kivuli. Vinyonga nao asubuhi kwenye kichanja cha wavu nje, ndiyo UVB ya bure. Chombo cha kioo juani kamwe: kioo kinazuia UVB na kinapika mnyama kwa dakika chache.

Newala_Juu
Natofautiana kidogo na "baridi si tatizo". Kwa Mtwara mjini sawa. Anayesoma hapa akiwa Newala au Kitangari, sehemu za juu za mkoa, Juni hadi Agosti usiku ni baridi ya kweli, na nyoka aliyekula kisha akapoa anaweza kutapika au chakula kikamwozea tumboni. Huku juu usilishe kama umeme hauaminiki wiki hiyo. Akitapika, maji tu kwa wiki mbili, kisha mlo mdogo.

Mwana_Shangani
Nimeelewa. La mwisho: panya wangu wa chakula wako kwenye friza, na msimu wa vimbunga ndio unaanza. Mayai yataanguliwa Januari.

Bibi_Fundi_Umeme
Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa karibu saa 48, iliyojaa nusu ni saa 24. Nafasi tupu zijaze chupa za maji. Weka sarafu juu ya kikombe cha barafu: ukirudi safari ukaikuta chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na panya hao watupe.

Kobe_wa_Mikindani
Vimbunga: Aprili 2019 Kenneth alipita jirani tu, akatua Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024, wakati wa Hidaya na mvua zake, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika. Hesabu kwamba hutapata mafuta wala mganga wa mifugo kwa siku kadhaa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari, siku hiyohiyo simamisha kulisha chatu, maana huenda ukalazimika kuhama naye. Mwenye tumbo tupu hubebeka bila tabu. Shona mfuko wa shuka la pamba, mshono mara mbili, umwingize, funga fundo, kisha ndani ya pipa la plastiki lenye matundu na mfuniko wa kufunga. Kwa urefu wake muwe wawili kila anaposhikwa. Vinyonga kila mmoja foronya yake, na kijiti ndani cha kushikia. Kobe kwenye ndoo pana au boksi gumu, kila mmoja lake.

Mayai yabaki kwenye boksi lake, boksi liingie ndani ya deli na chupa nne za maji ya nyuzi 32. Fungua mfuniko dakika moja kila baada ya saa sita, yanapumua. Garini deli likae sakafuni. Ukifika, miguu ya meza ya mashine itie kwenye makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu, maana mvua ikifurisha mashimo, siafu wanaingia ndani, na yai lililopasuka kidogo wanalimaliza usiku mmoja. Nakala ya kibali iweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya pipa la chatu, ukisimamishwa njiani usianze kuitafuta.

Mwana_Shangani
Mashine nimeshaihamisha ukuta wa mashariki. Saa 9 leo chumba kimesoma 34.

Kobe_wa_Mikindani
Bado nyuzi mbili na nusu kufika 31.5. Funga hiyo mikeka.