MJADALA: Watangazaji wa redio bubu za Ireland, waenziwe au waachwe na makosa yao?

Mzalendo wa Ugenini:
Wakuu habari za jioni. Niko Dublin mwaka wa saba sasa, kazi yangu kuangalia wazee majumbani, na kuna babu mmoja namwendea Jumanne na Ijumaa ana kabati limejaa kaseti. Sio za kununua, ni redio alizorekodi mwenyewe ujanani, zile redio bubu zilizokuwa zinarusha bila leseni enzi RTÉ ya serikali ndo ilikuwa na ruhusa peke yake. Juzi kaniwekea moja ya mwisho wa Desemba 1988, sheria mpya inaanza kubana na redio karibu zote zinaaga. Mtangazaji anaongea polepole, anashukuru wasikilizaji, katikati unasikia mama anaita chai tayari (babu alikuwa ameweka kinasa sauti mbele ya redio, mamake kapita), halafu wimbo, halafu shhhhh mpaka kaseti inaisha. Nikamuuliza huyu nani? Akasema hajui, aliwahi kurekodi kipande cha mwisho tu na jamaa hakulirudia jina lake. Sasa swali: hawa watu wawekewe hata kibao ukutani kama waanzilishi, au walivunja sheria na yameisha? Mimi nasema waenziwe.

Mbegu ya Ubuyu:
Kwanza redio bubu inaongeaje 😂

Kipanga:
Bubu maana yake haijasajiliwa, kama bandari bubu. We umekulia wapi?

Mbegu ya Ubuyu:
Nimekulia Tanga mkuu, bandari bubu tunazo kuliko nyie wote. Nauliza tu.

Mwanasheria wa Mtaa:
Waenziwe kwa lipi? Nyimbo za watu walipiga, wenye nyimbo wengi hawakulipwa, masafa waliyakalia tu kama anayejenga kwenye hifadhi ya barabara. Kilichowabeba ni sheria mbovu, ilikuwa ya 1926 huko, faini yake hela ya soda. Mei 1983 serikali ikaingia Radio Nova ikabeba mitambo, na wenzao wa Sunshine kule Portmarnock nao wakabebewa, na bado wote wawili wakarudi hewani. Huo sio ushujaa, ni usugu.

Mama Nasra wa Galway:
Mwanasheria hujaishi huku. Kabla ya hizo redio kijana wa Ireland alikuwa anasikiliza nini? Mwezi wa tano 1979 RTÉ ikafungua Radio 2 haraka haraka kwa ajili ya vijana, unadhani iliota usiku? Ni hao bubu walikuwa wameshawachukua wasikilizaji. Na watangazaji wakaenda kuwatoa hukohuko kwa bubu, Gerry Ryan, Dave Fanning, Marty Whelan, yaani asubuhi mnawaita wezi jioni mnawapa ajira. Kibao wawekewe. Ingawa tuseme ukweli wengi wao walikuwa wanabana pua tu wajifanye wako California, kama hawa watangazaji wetu wa FM.

Dj Kitonga:
Dada hapo kwenye kubana pua naomba ufute. Mimi nimekaa nyuma ya maiki miaka tisa na nimechoka na hii kauli. Sauti ya redio sio sauti ya sokoni. Unaingia studio una mafua, una msiba, umelala na njaa, bado inabidi utoke mchangamfu, unategemea nini, niongee kama namuita kondakta?

Mama Nasra wa Galway:
Nimegusa jipu kumbe. Kaka mimi nimesema wa Ireland.

Dj Kitonga:
Umesema "hawa wetu". Soma ulichoandika.

Wafula wa Cork:
Sisi Kenya tunaita kutweng. Msee amezaliwa Bungoma, hajawahi panda ndege, lakini akifika kwa redio anaongea ni kama ameshuka New York jana. Na mamake anamsikiliza hapo nyumbani anashangaa ni nani 😂

Dj Kitonga:
Chekeni.

Kipanga:
Turudi kwenye mada. Mnasahau Radio Caroline, ile ya kwenye meli. Mwenyewe Ronan O'Rahilly ni Muirish na meli waliifunga mitambo Greenore, bandari ya babake mzazi, 1964, ndo ikaenda kupigia muziki Waingereza kutoka baharini. Na babu yake aliuawa kwenye yale mapigano ya Pasaka 1916 dhidi ya Waingereza. Halafu siku zilezile za 1916 waasi walishika chuo cha simu ya upepo hapo Dublin wakarusha habari za jamhuri kwa Mosi, zile alama za milio mifupi na mirefu. Kwa hiyo redio bubu kwa hawa watu iko kwenye damu.

Mbegu ya Ubuyu:
Kwa Mosi? Sasa hiyo ndo redio bubu kweli.

Kipanga:
🙌

Mwanasheria wa Mtaa:
Caroline alikuwa kwenye maji ya kimataifa, ni kesi nyingine kabisa, usichanganye.

Nuru ya Dodoma:
Samahani naingia kidogo. Mkisema "waenziwe wote" mnajua mwenye Radio Dublin alikuwa nani? Eamonn Cooke. Alijiita Kapteni, watoto walikuwa wanashinda pale kituoni, na baadaye alikuja kufungwa kwa kuwadhalilisha watoto, amekufa 2016. Kibao chenu kitakuwa na jina lake? Na wale watoto wakipita hapo barabarani, sasa ni watu wazima, mnawaambia nini?

Wafula wa Cork:
Kwani ata wale wa Nova walikuwa Wairish? Chris Cary mwenye Nova ni Muingereza, alitoka Caroline. Robbie Robinson wa Sunshine pia, huyo ndiye Robbie Dale wa Caroline. So hiyo accent ilikuja na meli.

Mama Nasra wa Galway:
Asante Wafula, ndo ninachosema! Anayetaka kumkumbuka haramia wa maana aje huku magharibi. 1970 vijana wa Konamara walianzisha Saor Raidió Chonamara, bila leseni, wakatangaza kwa Kiirish, lugha ya bibi zao, maana redio ya taifa ilikuwa inawapa makombo. Miaka miwili tu, 1972, serikali ikafungua Raidió na Gaeltachta, redio ya Kiirish, ipo mpaka leo. Hao hawakubana pua.

Dj Kitonga:
Unarudi tena kwenye pua.

Mama Nasra wa Galway:
Narudi kwenye lugha.

Dj Kitonga:
Wewe mwenyewe hapa umeandika "Konamara" kwa K halafu na C kwenye sentensi hiyohiyo, nani anabana pua sasa.

Mwanasheria wa Mtaa:
Mimi nasubiri mtu anijibu kuhusu mirabaha.

Kipanga:
Mwanasheria, unatetea sheria ya 1988 iliyozifunga hizo redio, unajua waziri aliyeisimamia? Ray Burke. Alifungwa kwa rushwa ya leseni za redio.

Mwanasheria wa Mtaa:
Alifungwa 2005 kwa mambo ya kodi. Kodi, sio leseni. Ukileta historia ilete nzima.

Kipanga:
Sawa, kodi. Umemtetea sana.

Wafula wa Cork:
😂😂 na sheria ilikuwa poa, hata zingine zilikuja kupata leseni. WLR ya Waterford ilianza bila karatasi na bado iko hewani. Bryan Dobson aliyekuwa wa taarifa ya habari RTÉ mpaka alipostaafu 2024 alipitia newsroom ya Nova. Sasa huyo naye mtaenda kumnyang'anya pensheni?

Nuru ya Dodoma:
Hakuna aliyenijibu.

Mzalendo wa Ugenini:
Dada Nuru nimekusoma, nimekosa la kusema ndo maana. Nilipoandika nilikuwa nawaza huyu mmoja wa kwenye kaseti, sikuwaza wenye vituo. Leo nimekuwa kwa babu tena, tumeisikiliza upya mara mbili, nikamuuliza lafudhi ya jamaa ni ya wapi. Kasema akiwa anashukuru watu ni Dublin kaskazini kabisa, mtaa wa pili kutoka kwake. Ila akifika kutaja jina la wimbo anahamia Marekani.

Mama Nasra wa Galway:
SI NILISEMA

Dj Kitonga:
Mtu alikuwa anaaga kazi yake. Mwacheni.

Mbegu ya Ubuyu:
Sasa hicho kibao mtaandika jina gani?

Kipanga:
Andikeni Bubu.