Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, kwa nini inakatwa kwenye LUKU ya mpangaji?

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Hapa Tanzania, tangu Agosti 2021, ukinunua umeme wa LUKU (wa kulipia kabla ya kutumia) katika nyumba ya kawaida unakatwa kodi ya jengo, ambayo ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi na, baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ikapanda hadi Sh 1,500, yaani Sh 18,000 kwa mwaka. Kwa majengo ya ghorofa ya mijini hesabu hufanywa kwa kila sakafu, na huko kiwango kilipanda kutoka Sh 60,000 hadi Sh 90,000 kwa mwaka. Nieleweke tangu mwanzo kwamba siipingi kodi yenyewe, kwa sababu mtu mwenye jengo mjini ananufaika na barabara, mitaro na thamani ya kiwanja inayopanda hata akiwa amelala, na ni haki achangie. Ninachopinga ni kwamba anayechangia si yeye. Anayechangia ni mpangaji wa chumba na sebule Mbagala, Manzese au Tabata jijini Dar es Salaam, ambaye hana tofali hata moja katika nyumba hiyo na ambaye anaweza kupewa notisi ya kuhama wakati wowote mwenye nyumba akipata mteja wa bei ya juu.

Sheria ya kodi ya majengo, Sura ya 289, inamtambua mmiliki kuwa ndiye mlipaji. Wala halikuwa jambo la siri wakati utaratibu huu unaanzishwa, kwani bajeti iliposomwa bungeni Juni 10, 2021 na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, swali la wapangaji liliulizwa mapema kabisa, mitaani na kwenye vyombo vya habari. Jibu tulilopewa, na ambalo limeendelea kuwa jibu hadi leo, ni kwamba mpangaji alipe kwanza halafu azungumze na mwenye nyumba ili arejeshewe au apunguziwe kwenye kodi ya pango. Naomba kila mliyepanga asome tena sentensi hiyo polepole. Serikali yenye polisi, mahakama na Mamlaka ya Mapato (TRA) ilishindwa kumfuata mwenye nyumba mmoja mmoja, ikaamua kazi hiyo ya kumdai aifanye mpangaji, mtu anayeingia kwa mguu wa kuazima na kuomba ruhusa hata ya kupiga msumari ukutani.

Walioandika jibu hilo ama hawajawahi kupanga, ama wamesahau. Mpangaji wa mjini hutakiwa kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo kabla hajaingiza godoro, na juu yake kuna mwezi mmoja wa dalali. Baada ya hapo hana fedha yoyote mkononi ambayo angeweza "kupunguza", kwa kuwa pango limeshalipwa lote. Ikifika siku ya kuongeza mkataba, yule yule anayepaswa kukurejeshea Sh 18,000 ndiye anayeamua kama chumba kimepanda kwa elfu kumi au elfu ishirini kwa mwezi. Nani mwenye akili timamu atafungua mazungumzo hayo kwa kudai? Nilijaribu kwa heshima zote, nikiwa na risiti zangu za LUKU, na mwenye nyumba wangu hakukasirika hata kidogo. Alicheka, akasema, "Kijana, umeme unautumia wewe, mimi siko humo ndani," kisha akaniuliza kama nina mpango wa kuendelea na chumba. Swali hilo la pili ndilo lililokuwa jibu.

Nilipokwenda kuuliza katika ofisi moja ya umma, nikaelezwa kwamba wao ni wakusanyaji tu na kwamba suala langu ni la makubaliano binafsi. Sasa kama ni makubaliano binafsi, mimi nilikubaliana lini? Mkataba wangu, kama ilivyo mikataba mingi ya kununuliwa steshenari na kujazwa kwa kalamu, hauna neno hata moja kuhusu kodi ya jengo.

Hali ni mbaya zaidi katika nyumba ambazo familia nyingi zinatumia mita moja, na hizi ndizo nyumba za watu wa kawaida. Humo umeme hununuliwa kwa zamu au kwa kuchangishana, na kila mmoja anajua kwamba atakayenunua wa kwanza mwezi mpya ukiingia ndiye atakayekatwa. Matokeo yake ni kwamba tarehe za mwanzo wa mwezi watu wazima, wenye watoto na heshima zao, wanaviziana. Fundi viatu anamsubiri muuza chapati, muuza chapati anamsubiri mwalimu, na mwalimu anarudi usiku makusudi ili akute mwingine ameshanunua. Anayeshindwa kuvumilia giza ananunua umeme wa Sh 2,000, inaondoka Sh 1,500, na kwenye hizo mia tano zilizobaki bado kuna VAT, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji). Kisha anagonga milango kukusanya michango ya kodi ya jengo lisilo lake, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Na ikiwa mita ilikaa muda bila kununuliwa umeme, kwa mfano chumba kilikuwa hakina mtu, deni la miezi hiyo hujilimbikiza na kumwangukia mpangaji mpya, ambaye analipia hata kipindi ambacho hakuwa amewahi kuiona nyumba hiyo.

Kwa upande mwingine wapo wenye mita zao binafsi ndani ya nyumba moja. Ilielezwa kwamba nyumba moja isikatwe mara mbili na kwamba mmiliki atoe taarifa ili mita zake ziunganishwe. Mmiliki atoe taarifa! Atapata faida gani kupanga foleni ili kuokoa fedha ambayo hailipi yeye? Hivyo hivyo kwa msamaha wa wazee. Sheria inamsamehe mwenye umri wa miaka 60 au zaidi kwa nyumba anayoishi, lakini msamaha unahitaji mmiliki ajitokeze na kujaza fomu. Mmiliki asiyeumia haombi nafuu, na mpangaji anayeumia hana hadhi ya kuiomba.

Wapo watakaoniambia niende kwenye vyombo vya haki. Zamani tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza yake ya nyumba, lakini ilifutwa mwaka 2005 na tangu hapo mpangaji hana chombo chake mahsusi. Yamebaki mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, ambako mtu anatakiwa kufungua shauri rasmi, kulipia, kupangiwa tarehe na kuahirishiwa, huku akiomba ruhusa kazini kila mara, yote hayo kwa ajili ya Sh 1,500 za mwezi. Ndiyo maana naamini kabisa kwamba udogo wa kiasi hiki ndio ulinzi wake. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 15 mwaka ule ule wa 2021, nchi nzima ilipiga kelele kwa sababu mtu aliona maelfu yanaondoka kwa muamala mmoja, na haikupita miezi mitatu ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Hii ya LUKU inanyofoa kidogo kidogo, haijaamsha kelele ya namna ile, na badala ya kupunguzwa imeongezwa kwa nusu nzima.

Tena kiwango hicho cha nyumba ya kawaida hakimwangalii mtu. Nyumba ya vyumba sita ya uswahilini yenye choo kimoja uani inahesabiwa sawasawa na nyumba ya chini yenye bustani, geti la umeme na magari matatu Masaki. Tofauti ni kwamba kule Masaki mara nyingi anayekatwa ni mwenye mali mwenyewe, na hatambui kama amekatwa.

Naelewa ugumu wa kukusanya. Kabla ya hapo halmashauri zilishindwa, TRA ikapewa kazi hiyo mwaka 2016 nayo ikahangaika na foleni, ankara na wenye nyumba wasiopatikana. Mita ilikuwa njia rahisi. Lakini urahisi wa mkusanyaji hauwezi kubadilisha mdaiwa. Wenye nyumba wana namba za utambulisho wa mlipakodi, wana vitambulisho vya taifa vya NIDA, wana leseni za makazi au hati, na wenyeviti wa mitaa wanawajua kwa majina na kwa sura. Ikiwa mita lazima itumike, basi risiti ya makato iwe stakabadhi halali inayomlazimu mwenye nyumba kupunguza pango kwa kiasi hicho hicho, na akikataa aadhibiwe yeye, huku mpangaji akilindwa asifukuzwe kwa kuidai. Hilo linahitaji aya moja tu katika Sheria ya Fedha, na sheria hiyo inarekebishwa kila Juni.

Wanasheria mlioko humu, nawaomba mnijibu mambo mawili bila kunizungusha. Je, mpangaji aliyetunza risiti zake zote tangu 2021 anaweza kumdai mwenye nyumba fedha hizo kwa pamoja hata kama mkataba uko kimya? Na je, wapangaji wa nyumba tofauti wanaweza kuungana katika shauri moja dhidi ya utaratibu wenyewe, badala ya kila mtu kugombana na mwenye nyumba wake? Wenye nyumba nao wanakaribishwa, ila waje na risiti za kuonyesha waliyemrejeshea.