Mdogo wangu kakutwa na MS (ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo): mwili umepata nafuu, moyo umezama. Tumsaidieje?

DadaMkubwa_Kgmb:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kike, miaka 29, mwalimu, wiki sita zilizopita aliambiwa ana MS baada ya picha ya MRI ya ubongo na kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Alipewa dripu za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe kwenye neva, siku tano. Usiku wa tatu, saa nane, alikuwa jikoni anasugua masufuria, hana lepe la usingizi. Sasa jicho linaona na ganzi ya mguu imepungua, ila wiki tatu hizi hatoki chumbani na simu za wenzake hapokei. Tangazo la sabuni tu linamliza, kisha anasema hakuwa hata na huzuni. Akioga maji ya moto macho yanafifia, anaamini ugonjwa umerudi. Mama anasema imani imepungua. Naomba ushauri wa vitendo.

Nesi_wa_Neva:
Pole sana dada. Mama aelezwe kwa upole kwamba hili si suala la imani. Katika MS, kinga ya mwili inashambulia ganda la mailini linalofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Makovu yanayobaki yakikaa kwenye njia zinazoendesha hisia, sonona inaweza kutoka kwenye ugonjwa wenyewe, mbali na uchungu wa habari mbaya. Karibu nusu ya wenye MS huipata wakati fulani maishani.

Hapo umeeleza mambo matatu, msiyachanganye. Masufuria ya saa nane ni steroidi: dozi kubwa hufukuza usingizi na kupandisha hisia, na zikiisha mtu anaweza kuporomoka. Yaandikeni kwenye daftari lake la kliniki, ili safari nyingine dripu itundikwe asubuhi na daktari awe macho. Kilio kisicho na huzuni ni breki ya hisia iliyolegea ubongoni. Kina dawa zake, kwa hiyo mtajieni daktari kama dalili inayojitegemea. La tatu ni kujifungia, na hilo ndilo linalonipa hofu.

Ulizeni dodoso la PHQ-9, yaani maswali tisa ya kupima sonona, lipo kwa Kiswahili. Alama 10 na kuendelea zinataka uchunguzi zaidi. Ila kwa MS maswali ya uchovu, usingizi na umakini hupandisha alama hata pasipo sonona. Yatazameni sana mawili ya mwanzo, kukosa hamu na kuwa na huzuni kwa wiki mbili, na lile la tisa la mawazo ya kujidhuru.

Mfamasia_Ilala:
Naongeza upande wa dawa. Kama ameanzishiwa interferoni beta, sindano za kupunguza mashambulio ya MS, daktari wa neva ajue hali hii mapema, maana karatasi ya dawa hizo inaonya juu ya sonona. Kama anameza amitriptilini ya miligramu 10 au 25 usiku kwa maumivu ya neva, msidhani sonona imeshatibiwa kwa kuwa nayo ni dawa ya sonona, dozi hiyo ni ndogo mno. Tena inafunga choo na kuzuia mkojo, shida ambazo MS huzileta yenyewe.

Daktari akichagua setralini, dawa ya sonona, kichefuchefu cha siku za mwanzo hupungua akiimeza baada ya chakula. Nafuu ya kweli huja wiki ya nne hadi ya sita. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi, wengine wakishachangamka tu. Inatakiwa iendelee angalau miezi sita baada ya nafuu, na ipunguzwe taratibu. Baklofeni ya kulegeza misuli iliyokaza nayo isikatwe ghafla, inaweza kuleta degedege na kuona visivyokuwepo.

Fiziotherapi_TZ:
Hofu ya joto ina jibu, mkuu. Joto hupunguza kasi ya ujumbe kwenye neva iliyovuliwa ganda. Mwili ukipoa, macho yanarudi. Shambulio jipya ni dalili inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi, kwa hiyo kabla ya kuingiwa na hofu apime joto na mkojo. Aoge maji ya uvuguvugu, afunge khanga iliyoloweshwa shingoni, na shughuli zake azifanye kabla ya jua kuwa kali.

Mazoezi yanasaidia hisia pia: dakika 30 mara mbili kwa wiki za kutembea kwa mwendo anaoweza kuongea, na siku mbili za kuimarisha misuli. Kwa wiki za mwanzo dakika 5 zinatosha. Akizidisha siku anayojisikia vizuri, kesho yake analala kutwa, kisha anakata tamaa.

DadaMkubwa_Kgmb:
Asanteni mno. Hilo swali la tisa namuulizaje? Naogopa kumpandikizia wazo.

Nesi_wa_Neva:
Kuuliza hakupandikizi, dada. Kaa naye mkiwa wawili tu, umuulize wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, uliza kama amepanga namna. Akiwa amepanga, usimwache peke yake hata dakika moja, mpelekeni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Dar, Muhimbili wanacho. Na hata akisema hapana, dawa zote zihame chumbani kwake leo. Wewe umpe za siku moja moja, mpaka atakapoonwa na daktari.