Msaada: bendera ya Kijapani iliyosainiwa, imekutwa kwenye sanduku la babu. Mwenyewe ni nani?

Mjukuu wa Keya
Wakuu, habari za majukumu. Tumemzika bibi mwezi uliopita. Katika kugawana vitu tukafungua sanduku la bati la babu, ambalo bibi hakuruhusu mtu aliguse. Chini kabisa, chini ya koti la kaki, kuna kitambaa chepesi cha hariri kilichogeuka rangi ya chai. Katikati duara jekundu, na kulizunguka kuna maandishi ya Kijapani kwa wino mweusi, yametawanyika kama miale ya jua. Pembe mbili zina viraka vya ngozi na vikamba. Kuna na doa la kahawia ambalo sitaki kulifikiria sana.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukimuuliza habari za kule alikuwa anajibu "mvua na malaria", basi. Kwenye picha ana beji ya kichwa cha kifaru begani.

Binamu yangu kashapata mnunuzi wa vitu vya kale, na bei aliyotajiwa imewachanganya watu hapa nyumbani. Baba mdogo hataki hata kusikia. Mimi nataka kujua kwanza: hii ni ya kikosi au ya mtu? Kama ni ya mtu, jina lake nalipataje?

Kobe Mzee
Poleni kwa msiba. Kifaru ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Wajapani waliposhindwa Imphal na Kohima, kule India mpakani na Burma, mwaka 1944, divisheni hiyo ndiyo iliyowafuata kupitia bonde la Kabaw, mvua inanyesha, magari yamezama kwenye tope, hadi Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba. Kwa hiyo babu hakuwaficha kitu, mvua na malaria ndiyo habari yenyewe. Na msikimbilie kusema alimuua mwenye bendera. Katika kurudi nyuma kule Wajapani wengi walikufa kwa njaa na maradhi, maiti zilijaa njiani.

Chuma Ulete
Uza mkuu. Miaka themanini hiyo, nani anaikumbuka? Ada za shule zinasubiri.

Dada wa Osaka
Chuma Ulete, huku Japani kuna familia zilizoletewa kisanduku cheupe, ndani jiwe au kikaratasi, wakaambiwa ndiye mtoto wenu. Bendera kama hiyo inaweza kuwa kitu pekee cha marehemu kilichobaki.

Mleta uzi, hiyo ni ya mtu. Inaitwa yosegaki hinomaru. Kijana akiitwa jeshini, ndugu, majirani, walimu na wenzake kazini walimsainia, naye akaikunja na kwenda nayo vitani. Majina karibu yote unayoyaona ni ya waliomuaga. La kwake ni moja.

Kwanza hakikisha hujaigeuza nyuma mbele, hariri ni nyepesi, wino unaonekana pande zote. Tafuta herufi nne kubwa, mara nyingi upande wa juu: 武運長久. Ni dua ya kumtakia askari bahati ya kudumu vitani. Ukishaiweka sawa, angalia kingo za kulia na kushoto. Tafuta mstari wa wima, herufi nene, unaoishia na 君. Sisi tunatanguliza "ndugu" mbele ya jina, wao hiyo wanaiweka nyuma. Zilizo juu yake ndilo jina, ingawa juu kabisa panaweza kuwa na neno la kumpongeza au la kusema amezawadiwa, usilichanganye.

Jina peke yake halitoshi, ni sawa na kumtafuta Juma Tanzania nzima. Angalia mihuri myekundu, mara nyingi ni ya mahekalu ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na inaweza kutaja mahali. Jina la ukoo la kijana likijirudia kwa waliosaini, hao huenda ni nduguze.

Mjukuu wa Keya
Nimeipata 君! Ukingo wa kulia, juu yake herufi nne. Na jina la ukoo linajirudia mara sita, moja mwandiko wake umepinda kama wa mtoto. Mhuri upo mmoja, umefifia. Nimekutumia picha inbox. Shangazi anasema babu alikuwa akiianika kila masika yakiisha, peke yake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nami niianike?

Dada wa Osaka
Usiianike juani, usiifue, usipige pasi. Itandaze mezani, piga picha za karibu kipande kwa kipande, kisha iviringishe kwenye kitambaa safi cha pamba.

Jina nimelisoma, nimekujibu inbox. Usilibandike hapa, ukoo wake huenda upo. Mhuri umenishinda. Waandikie Obon Society, wako Astoria, Oregon, Marekani. Wana wasomaji wa maandishi ya zamani, wamesharudisha mamia ya bendera kwa familia na hawatozi kitu. Hawanunui pia, mwambie binamu mapema.

Chuma Ulete
Sawa, hiyo ya kisanduku sikuijua. Nimefuta kauli.

Mjukuu wa Keya
Mrejesho: tumekaa kikao jana. Binamu kanuna, lakini kakubali. Picha zimeshakwenda Oregon. Baba mdogo ana sharti moja: wakipatikana, bendera iende na barua yake, ya Kiswahili, kwa mkono wake. Dada, utatutafsiria?

Dada wa Osaka
Aanze kuandika.