Darasa letu la kisomo linafungwa: tutathmini nini, na tukabidhi nini?

MratibuKisomo, Tanga

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mwisho wa mwezi huu tunafunga darasa la jioni la kusoma, kuandika na kuhesabu, ambalo vijana wa mtaa wetu tumekuwa tukiliendesha kwa kujitolea kwa ajili ya akina mama wauza dagaa na mboga. Hatukugombana, walimu wengi wamepata ajira mikoa mingine na waliobaki hawatoshi. Mama mmoja aliyekuwa akichora mistari ya mkaa ukutani ili akumbuke wadaiwa wake, leo ana daftari lenye majina na tarehe. Wengine, hata hivyo, waliacha katikati, hasa miezi ya dagaa wengi, kwa kuwa jioni ndiyo saa ya kuanua na kufungasha. Tunapokaa kutathmini, tupime nini hasa? Na ubao, vitabu na daftari la mahudhurio tuvipeleke wapi ili waliofika nusu ya njia wasiachwe solemba?

Mstaafu wa Elimu

Marahaba, mwanangu, na hongereni sana. Nilikuwa kijana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyowakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma. Tulisikiliza kipindi cha redio, mmoja wetu akasoma sura ya kitabu kwa sauti, kisha kikundi kikajadili na kuamua hatua ya kuchukua pale pale kijijini: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Kampeni ilipangiwa wiki 12 tangu mwanzo, na ilipokwisha hakuna aliyesema imekufa, kwa sababu vyoo vilikuwepo na kila mpita njia aliviona.

Kwa hiyo msiishie kuhesabu mahudhurio. Wafuateni akina mama kwenye biashara zao, muombe kuona daftari la mauzo, muone kama hesabu zinajumlishwa na mwenyewe au bado anamwita mtoto amsaidie. Walioacha ndio wa kuwasikiliza kwanza, maana wao ndio wanaojua saa ipi ingewafaa, na jambo hilo atakayewapokea atalihitaji kuliko ubao. Kuhusu vifaa, muoneni Afisa Elimu Kata, mkamuulize kuhusu madarasa ya MUKEJA, mpango wa serikali wa elimu ya watu wazima, yaliyo karibu, na makabidhiano yawe ya maandishi.

MtunzaTakwimu

Naunga mkono, nikiongeza mfano wa mbali kidogo. Nchini Marekani, mamia ya watu waliojitolea walikusanya kila siku takwimu za vipimo, wagonjwa na vifo vya korona kutoka majimboni, katika mradi ulioitwa The COVID Tracking Project, ulioanza Machi 2020. Walitangaza mapema kwamba wangesimama tarehe 7 Machi 2021, wakaeleza kuwa kazi hiyo ni ya serikali ya shirikisho na kwamba takwimu zake sasa zimeimarika, kisha kumbukumbu zao zikahifadhiwa ili watafiti wazitumie. Nanyi waambieni wanafunzi tarehe na sababu kabla hawajazisikia sokoni.

Jambo moja nalisisitiza: daftari la mahudhurio lina majina na namba za simu za watu. Lisikabidhiwe kwa yeyote kabla kila mama hajaulizwa kama anaridhia.

MratibuKisomo, Tanga

Nawashukuru kwa dhati. Suala la ridhaa hatukuwa tumelijadili, na tutalianza darasani wiki hii. Walioacha tutawafuata mmoja mmoja, kisha maelezo yao kuhusu saa na msimu yataambatanishwa na orodha ya vifaa itakayokwenda kwa Afisa Elimu Kata. Kikao cha makabidhiano tutakiweka mchana, dagaa wakiwa bado vichanjani, ili walioacha nao waweze kuhudhuria.