Tumemnyima mtu kazi kwa sababu ya tatuu shingoni, na mimi nilinyoosha mkono

KaratasiNaKalamu
Wakuu habari za leo. Naomba mawazo yenu ila msinitukane sana maana nimeshajitukana mwenyewe tangu juzi.

Ofisini tulikuwa na usaili, nafasi ya mapokezi, jopo la watu wanne na mimi nikiwemo. Akaingia dada mmoja, yani huyo dada alijibu maswali mpaka sisi tukaanza kuangaliana, tukampa igizo la mteja aliyekuja amefura, akamtuliza mpaka mwenzetu aliyekuwa anaigiza hasira akasahau alikuwa analalamikia nini. Anatoka tu, mlango haujafunga sawasawa, mwenzetu mmoja anasema "mmeiona ile shingo?" Kumbe alikuwa na tatuu, ndege wadogo watatu wanapanda kutoka kwenye kola kwenda nyuma ya sikio. Mi wala sikuwa nimewaona mpaka walipotajwa. Basi kuanzia hapo habari ya majibu yake ikafa, ikawa ndege tu, mara wateja watatuonaje, mara msichana wa namna hiyo hujui usiku yuko wapi, mara eti watatu itakuwa ni idadi ya kitu fulani. Nikacheka nao. Kura ikapigwa, nikanyoosha mkono. Wanne kwa sifuri.

Sasa kinachoniuma, kwenye fomu ya tathmini kuna sehemu ya kujaza sababu na mwandishi nilikuwa mimi. Huwezi kuandika "ndege". Nikaandika "hakukidhi vigezo vya mawasiliano". Mtu aliyewasiliana kuliko wote siku ile!

Hivi tatuu bado ni sababu ya kumnyima mtu kazi au sisi ndo tumebaki nyuma?

Chiriku_Mweusi
Jibu unalo kwenye hiyo fomu mkuu. Sababu ingekuwa halali ungeiandika.

Mimi ninayo mkononi mwaka wa tisa huu, kuanzia kwenye kiwiko kushuka, na nguo zangu zote za kazini ni mikono mirefu, jua liwake lisiwake. Watu wakishanizoea halafu siku wakaiona wanasema "ah, kumbe na wewe?" kwa sauti ile ya mtu aliyegundua nilishawahi kufungwa. Kazi ni ile ile niliyokuwa nafanya jana yake na walikuwa wanaisifia.

Mama_Wawili
Mimi nitakuwa tofauti na mtanisamehe. Mwanangu, kumkataa sioni kama ni kosa kubwa hivyo. Mambo ya Walawi 19:28 inakataza kuandika alama mwilini, na kwa Waislamu nako wanazuoni wengi wanasema ni haramu kwa sababu ni kubadilisha umbile. Halafu mapokezi ni uso wa ofisi, mtu anapaswa kujua hilo kabla hajakaa kwenye kiti cha mchoraji, shingo si mgongo.

Ila kuandika uongo kwenye fomu nayo ni dhambi, na hiyo ni ya kwako, si ya yule binti.

fundi_wa_zamani
Shikamoo mama. Ya dini nakuachia, mi naongelea hili la "msichana wa namna hiyo", kwa sababu hii kuona tatuu kama uhuni haikuwepo tangu dunia inaanza, ina njia iliyopita.

Kuna yule maiti anaitwa Ötzi, alikutwa mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, amelala humo miaka zaidi ya 5,000. Ana tatuu 61, na nyingi ziko kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, kulekule ambako mifupa yake ilikuwa imechakaa, ndo maana watafiti wengi wanadhani alikuwa anatibiwa. Neno lenyewe limetoka kwa Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki, wao wanasema tatau, likafika Ulaya na watu wa Kapteni Cook, baharia Mwingereza, waliotia nanga kisiwa cha Tahiti mwaka 1769. Kule ilikuwa inaeleza mtu ni nani na katoka kwa nani. Mabaharia wakarudi nayo bandarini, na sifa za bandari tunazijua, basi ikachukua sifa hizo hizo.

Japani ndo kichekesho zaidi. Serikali ilipiga marufuku mwaka 1872 maana ilitaka ionekane imestaarabika mbele ya wageni, marufuku ikaja kuondolewa 1948, huku nyuma tatuu zimeshakuwa nembo ya yakuza, magenge ya wahalifu wa kule, na mpaka leo bafu nyingi za umma za maji ya moto ukiwa nayo huingii. Maoni yangu ni kwamba ukikiweka kitu gizani miaka zaidi ya 70 usishangae kukikuta kimezoeana na watu wa gizani.

Upande mwingine watu wamelegeza. Air New Zealand tangu Septemba 2019 wanaruhusu wafanyakazi waonyeshe tatuu zao, hata wahudumu wa ndege. Na nchi hiyohiyo mwaka 2020 ilimteua Nanaia Mahuta kuwa waziri wa mambo ya nje, mama wa Kimaori mwenye moko, tatuu ya jadi ya wenyeji wa kule, kidevuni, iko wazi kila mtu anaiona. Huyo alikuwa anapokea mabalozi. Dada yenu angeshindwa kupokea wateja?

Hasimu77
@fundi_wa_zamani usichanganye mambo. Moko ni ya ukoo na ina maana yake, huyu ni ndege wa kuchagua kwenye katalogi.

fundi_wa_zamani
Kwa hiyo ingekuwa ya ukoo mngempa? Na mmejuaje ni wa katalogi, kuna aliyemuuliza?

KaratasiNaKalamu
Hakuna aliyemuuliza.

NimefutaNusu
Mi nimesimama katikati maana ninayo na naijutia. Jina la mtu, sitaki kuongea sana. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya Pew iliuliza watu Marekani, asilimia 32 ya watu wazima walisema wana tatuu angalau moja, na katika hao kama robo wanajutia walau moja. Niko humo kwenye robo japo siishi huko.

Nimekwenda kwenye leza mara saba na bado inasomeka ukiikazia macho. Watu wanadhani inafutwa kama chaki. Wino hauko juu, uko kwenye ngozi ya ndani, chembe za kinga zinaumeza zinashindwa kuusaga zinabaki nao hapo miaka yote. Leza inauvunja vipande vidogo mwili uvitoe polepole, kwa hiyo unapigwa, unasubiri wiki kadhaa, unapigwa tena. Mweusi ndo unatoka vizuri, rangi kama njano ni kesi nyingine, na ngozi yetu nyeusi ikikutana na mtu asiyejua mashine yake unabaki na doa jeupe mahali pa tatuu. Naeleza hivi kwa sababu kuna mtu atakuja kusema "si angeifuta tu kabla ya usaili". Hapana bana. Na maumivu yake acha kabisa.

Kujuta ni shauri langu lakini. Uwezo wa kupokea simu haujapungua.

Hasimu77
Sawa. Mi nasimama na mama hapo juu, ila hiyo fomu kweli mmezingua. Urudi utuambie.

KaratasiNaKalamu
Nimerudi. Leo asubuhi nilikwenda kwa kiongozi wa jopo nikamwambia nataka kurekebisha sababu. Akasema barua imeshatoka, haina haja. Nikasema fomu bado iko kwangu, nikakata ile ya mawasiliano, nikaandika "tatuu shingoni", nikasaini pembeni. Akaisoma mara mbili akaniambia hii haiwezi kwenda juu hivi, rudisha ile ya mwanzo. Nikamuuliza kwa nini haiwezi kama ndo tulichoamua wote wanne. Akasema tutaongea. Mpaka natoka hatujaongea, fomu iko kwenye droo yangu.

Mama_Wawili
Usiirudishe.

Chiriku_Mweusi
Na kazi kapewa nani sasa?

KaratasiNaKalamu
Aliyekuwa wa tatu. Wa pili alikuwa na kipini puani.