LDL (lehemu mbaya ya damu) ya mama iko juu na anazidi kusahau: dawa ya mafuta itasaidia?

Kifunguamimba:
Wakuu, shikamooni. Mama ana miaka 72, ana presha na sukari, metformini ya sukari anameza mwaka wa 9 sasa. Anarudia swali lilelile mara tatu, nne ndani ya saa moja. LDL yake mwaka jana ilikuwa 168, mwezi huu imetoka 4.3. Imeshuka hivyo, mbona kusahau kunazidi? Ameandikiwa dawa ya kushusha lehemu, atorvastatini mg 20; itamrudishia kumbukumbu? Na kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi, ni kweli kinatibu Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu?

BenchiLaMaabara:
Haijashuka, ndugu. 168 ni mg/dL, 4.3 ni mmol/L, vizio viwili tofauti vya kitu kilekile. Gawa 168 kwa 38.67 utapata 4.34, yaani namba ileile. Trigliseridi, mafuta mengine ya damu, ndizo zinazogawanywa kwa 88.57, usichanganye. Uliza pia kama LDL ilipimwa yenyewe au ilikokotolewa. Ya kukokotoa haiaminiki trigliseridi zikivuka 4.5 mmol/L.

TabibuWaWazee:
Marahaba, na pole kwa kuuguza. Lehemu (kolesteroli) ya kwenye damu karibu yote haipenyi kuingia kwenye ubongo. Ubongo unatengeneza yake. LDL inaumiza zaidi kupitia mishipa: ikikaa juu miaka 20 mishipa inakakamaa, viharusi vidogovidogo vinapita bila mtu kujua, na ubongo ulioanza kuugua Alzheimer unaonyesha dalili mapema. Kiungo kingine ni jeni ya APOE, inayotengeneza protini ya kubeba mafuta mwilini, na ndani ya ubongo pia. Aina yake ya e4 inaongeza hatari, ila wapo wengi wanayo na hawaugui.

Kwa hiyo umri una uzito mkubwa. Tume ya jarida la Lancet, 2024, iliiweka LDL ya juu ya umri wa kati kati ya vihatarishi 14 vya demensia (kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri). Uzeeni mambo yanageuka: lehemu mara nyingi inashuka yenyewe miaka kadhaa kabla ugonjwa haujatambuliwa. Jaribio la PROSPER, 2002, liliwapa wazee pravastatini, dawa ya jamii moja na atorvastatini: moyo ulifaidika, kumbukumbu haikutofautiana na ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jaribio la LEADe lilitoa atorvastatini mg 80 kwa watu wenye Alzheimer tayari, haikufua dafu.

Mama aimeze hiyo mg 20. Ana kisukari, inamkinga na kiharusi na mshtuko wa moyo. Kumbukumbu msiitarajie kutoka hapo.

Lakini msikimbilie kusema ni Alzheimer! Apimwe vitamini B12, kwa sababu metformini ya miaka mingi huipunguza, na upungufu wake unaleta usahaulifu unaotibika. Apimwe TSH, kipimo cha tezi ya shingo: tezi hiyo ikifanya kazi kidogo inapandisha LDL na kuleta usahaulifu kwa pamoja, na ukianza statini (jamii ya atorvastatini) bila kuitibu misuli inaumia kirahisi. Kama anameza pia glibenklamidi, dawa nyingine ya sukari, pimeni sukari anapochanganyikiwa, huenda imeshuka. Mkague na masikio yake; asiyesikia vizuri huuliza tena na tena.

Wewe mwenyewe ukiwa kati ya miaka 40 na 60, pima LDL yako mwezi huu.

MfamasiaPwani:
Nyongeza ya dawa. Akiandikiwa antibiotiki ya klarithromaisini, mwambieni daktari kwamba yuko kwenye atorvastatini, maana klarithromaisini inapandisha kiwango cha atorvastatini mwilini. Misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, asimamishe na arudi hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya mafua vyenye klorofeniramini, na amitriptilini ya usiku, vinavuruga kumbukumbu za wazee. Leteni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja zikaguliwe.

Mafuta ya nazi hayajathibitishwa kutibu Alzheimer. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 12 za mafuta yanayopandisha LDL, na kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kiwango cha juu cha WHO cha mafuta hayo hakifiki gramu 23 kwa siku nzima. Mchuzi wa nazi si lazima aache: pikeni kwa tui la pili, kasimile ibaki ya sikukuu.

Kifunguamimba:
Nimeelewa. TSH na B12 zinapimwa lazima awe na njaa?

BenchiLaMaabara:
Hapana, anaweza kula. Ila trigliseridi zikiwa juu, kipimo cha mafuta ya damu kirudiwe akiwa amekaa bila kula saa 9 hadi 12, maji ruksa. Kwa kuwa ana sukari, mfike maabara inapofunguliwa, na dawa za asubuhi muulizeni daktari mapema.